Barua ya wazi kwa wanaochagua chipukizi wa mpira wa magongo nchini Kenya

Kwa: Wateuzi wa timu za vijana, wasimamizi wa michezo ya shule za upili na viongozi wa klabu za mpira wa magongo

KUH: KUACHWA MAPEMA KWA WACHEZAJI WANAOKAWIA KUKOMAA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mkufunzi wa kujitolea wa mpira wa magongo magharibi mwa Kenya. Nafundisha wavulana na wasichana wa kati ya miaka 12 na 17, wengi wao wa shule za kutwa, kwenye uwanja wa nyasi tunaoazimwa na shule ya msingi jirani.

Jambo ninaloandika si geni kwa baadhi yenu. Nimelizungumza pembeni mwa uwanja wakati wa mashindano, nimeiandikia kamati inayohusika na uteuzi katika eneo letu, na nimelifuatilia kwa simu. Niliahidiwa kwamba litajadiliwa, kisha kimya. Msimu uliofuata mchujo ukafanywa vilevile, na watoto wakarudi nyumbani wakiamini kwamba huu mchezo haukuwa wao. Kwa hiyo naandika hadharani, kwa heshima, na bila kuficha neno.

Nisemalo ni hili: tunawaacha watoto kwa sababu wamechelewa kukua, halafu tunajiambia tumewaacha kwa kukosa kipaji. Malalamiko yangu nayapa nambari ili iwe rahisi kwenu kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Mchujo wa siku moja

Mnajua siku hiyo inavyokwenda. Watoto wanaamka alfajiri, wanapanda matatu, wengine wanafika bila kutia kitu tumboni. Wanagawiwa fulana zenye nambari, wanapangwa makundi, wanachezeshwa dakika chache, firimbi inalia na kundi jingine linaingia. Jioni orodha inasomwa. Asiyesikia jina lake haambiwi kilichompungukia ni nini, akafanyie kazi kitu gani, wala arudi lini. Hakuna hata karatasi inayobaki ikionyesha kwamba alikuja. Mwaka unaofuata, akipata moyo wa kurudi, anatazamwa kama mtu asiyewahi kuonekana.

Mchujo ukiwa kwenye uwanja wa nyasi bandia, mtoto wa kijijini anaingia akiwa amekwisha shindwa nusu. Kwenye nyasi zetu mpira hurukaruka. Mtoto hujifunza kuupokea akiwa amesimama, gongo likiwa wima, akingoja aone utadundia wapi. Akitaka ufike mbali, aupige kwa nguvu, maana nyasi zitaula mwendo. Kwenye zulia lile mpira huja chini na huja mbio. Hapo inabidi upige magoti, ulaze gongo ardhini mapema, na pasi nyingi zisukumwe tu bila kupigwa. Mtoto aliyekulia kwenye nyasi na kukanyaga zulia kwa mara ya kwanza siku ya mchujo, mipira ya kwanza itampita chini ya gongo. Mteuzi anaandika kwamba hawezi kupokea mpira. Kusema kweli, kilichopimwa hapo ni uwanja aliokulia. Mtoto mwenyewe bado hajapimwa.

2. Umbo linachukuliwa kuwa kipaji

Kwa wastani msichana hurefuka kwa kasi zaidi akikaribia miaka 12, na mvulana akikaribia 14. Huo ni wastani tu. Wavulana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka miwili au zaidi katika ukuaji wa mwili: mmoja ameanza kuota ndevu, mwenzake bado ana sauti ya mtoto. Wapangeni kwenye kundi moja la umri, muwaache washindane. Mwenye mapaja mazito ataufikia mpira kwanza, atampiga mwenzake bega, na shuti lake litafika langoni. Kila anayetazama atamwona yeye.

Nina mvulana mmoja, jina lake nalihifadhi. Ni mdogo wa mwili kuliko wenzake wote darasani. Gongo analochezea ni la mtu mzima, la inchi 37, kwa sababu ndilo lililopatikana. Analishika katikati ya mpini, na kila akiinama kupokea mpira ile ncha ya juu inamchoma tumboni, hivyo haiinamii mipira. Mteuzi alimwona akicheza wima akasema hana misingi ya mchezo. Sasa mtazameni mvulana huyohuyo wakati hana mpira. Anageuka kuchungulia nyuma ya bega kabla pasi haijamfikia. Anajua beki wake amesimama wapi. Anasogea hatua mbili kando, na hizo hatua mbili zinafungua njia ambayo mwenzake mwenye mpira bado hajaiona. Hayo sikumfundisha mimi, na sijui mkufunzi anayeweza kuyafundisha kwa wiki mbili za kambi. Urefu atapata. Gongo fupi linaweza kununuliwa. Yule aliyechaguliwa badala yake ana urefu na ana gongo, na nawaombea wote wawili mema, lakini haikuwa haki mmoja kuandikwa na mwingine kufutwa kwa alasiri ile moja.

Wapo pia wanaorefuka ghafla. Msichana aliyekuwa mwepesi mwaka jana leo miguu imemzidi urefu, anajikwaa, anakosa mpira uliokuwa chakula chake. Huyu naye huachwa, wakati angehitaji miezi michache tu mwili wake utulie.

3. Tarehe ya kuzaliwa

Mwaka 1985 mtafiti Roger Barnsley na wenzake walichunguza hoki ya barafu (magongo yanayochezwa juu ya barafu) ya vijana huko Kanada, ambako makundi ya umri hukatwa tarehe 1 Januari. Waligundua kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walijaa kwenye ligi za juu za vijana, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa wachache mno. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba Januari huzaa vipaji kuliko Novemba. Aliyezaliwa Januari huwa amemzidi mwenzake wa Desemba karibu mwaka mzima, na wakiwa na miaka 10 mwaka mmoja ni mwili mwingine kabisa. Anachaguliwa, anapewa wakufunzi bora na mechi nyingi, na baada ya miaka michache kweli anakuwa bora.

Sisi tuna tatizo hilo na tumeongeza jingine juu yake. Kwenye darasa moja la shule zetu mna watoto wanaopishana miaka miwili au mitatu, na mnajua kama nijuavyo mimi kwamba vyeti vya kuzaliwa huchezewa ili mtu mzima acheze na watoto. Kila mara mnapompitisha kijana aliyepunguziwa umri, yuko mtoto wa umri halali aliyeachwa nje kwa kuonekana mdogo na mnyonge mbele yake. Huyo wa pili hatajwi kwenye rufaa yoyote.

4. Walioachwa hunyang'anywa hata gongo

Magongo ni machache, hivyo yanapewa walioitwa kambini. Mwalimu wa michezo ana nafasi chache kwenye basi, hivyo anawabeba walioitwa. Mwalimu mkuu ana msaada wa karo kwa wanamichezo, anawapa walioitwa. Baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya makundi mawili ni kubwa kweli, na sisi tunapongezana kwamba tulikuwa na jicho. Jicho gani? Tuliwalisha hawa tukawanyima wale, halafu tukawapima kwenye mizani moja.

5. Baada ya shule hakuna mlango

Shule kama Friends Kamusinga, St Anthony's Kitale, Tigoi, Sinyolo na Misikhu zimelea wachezaji wazuri kwa miaka mingi. Msimu wa magongo shuleni ni muhula wa kwanza. Ukiisha, sehemu kubwa ya mwaka mtoto hana mechi ya maana. Akimaliza shule akiwa na miaka 18 na bado hajaiva, klabu za ligi nyingi ziko Nairobi na zinatafuta aliyekwisha iva. Anarudi nyumbani, anapanda bodaboda, gongo linabaki kwenye paa la jikoni.

Na sasa mfumo mpya wa elimu unawataka wanafunzi wachague mkondo wanapoingia gredi ya 10, ukiwemo mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni jambo jema kwa michezo. Lakini ikiwa mwalimu atamshauri mtoto kwa kutazama timu aliyowahi kuitwa akiwa na miaka 14, basi kosa la siku moja ya mchujo litakuwa limemfuata hadi kwenye masomo yake.

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimekwisha kupewa.

Mtasema hakuna pesa. Siwaombi uwanja wa mamilioni katika barua hii, ingawa tunauhitaji. Daftari la kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu na maoni ya mteuzi linauzwa kwenye duka lolote la kona. Kumwambia mtoto kwa dakika mbili kwa nini hakuitwa hakuna bajeti yake.

Mtasema mnahitaji matokeo, na wakubwa wenu wanahesabu vikombe. Basi tuyahesabu pamoja. Mwaka 1964 wanaume wa Kenya walimaliza wa 6 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa kule Barcelona, walimaliza wa 4. Kikosi cha zama hizo kilitoka kwa sehemu kubwa kwenye klabu za Nairobi kama Sikh Union, ambako kijana alikuwa na timu ya kuchezea mwaka baada ya mwaka. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Mara ya mwisho tulipoonekana kwenye Olimpiki ni Seoul 1988. Tangu hapo tumekuwa na vikombe vingi vya shule na vya kanda. Haraka yetu ya kushinda na watoto wa miaka 15 imetufikisha wapi na watu wazima?

Mtasema kipaji cha kweli hujionyesha chenyewe. Hili ndilo jibu linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linasemwa na watu wanaoujua mchezo. Angalieni ndugu zetu wa hoki ya barafu, mchezo wenye pesa nyingi, ambako kila klabu ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini huwalipa watu wazunguke dunia kutafuta vijana. Mwaka 1998 klabu zote zilipochagua vijana kwa zamu, majina 170 yalitajwa kabla ya Pavel Datsyuk wa Urusi. Mwaka uliofuata yakatajwa 209 kabla ya Henrik Zetterberg wa Uswidi. Wote wawili walichukuliwa na klabu ya Detroit, na Detroit haikuwaharakisha. Datsyuk aliachwa aendelee kucheza kwao hadi 2001, Zetterberg hadi 2002, wakue na wapate mechi. Mwaka 2008 klabu hiyo ilitwaa Stanley Cup, kombe la bingwa wa ligi hiyo, wakiwa nguzo zake, na Zetterberg akatangazwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Kipa Dominik Hašek alichaguliwa wa 199 mwaka 1983, akaingia ligi hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 25, kisha akawa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 1997 na tena 1998. Martin St. Louis hakuchaguliwa na klabu yoyote, eti ni mfupi. Mwaka 2004 tuzo hiyohiyo ikawa yake. Ikiwa watu wenye kamera, takwimu na mishahara walikosea hivyo, sisi wenye firimbi na alasiri moja tunapata wapi uhakika wetu?

Mkitaka mfano wa magongo yetu wenyewe, upo Ubelgiji. Wanaume wao hawakucheza Olimpiki yoyote baada ya 1976 hadi waliporudi Beijing 2008, wakamaliza wa 9. London 2012 wakawa wa 5. Rio 2016 wakapata medali ya fedha. Mwaka 2018 wakatwaa Kombe la Dunia kule Bhubaneswar, na mwaka 2021 wakavishwa dhahabu ya Olimpiki jijini Tokyo. John-John Dohmen alikuwa uwanjani Beijing akiwa na miaka 20, na alikuwa uwanjani Tokyo akiwa na miaka 33. Kati ya mashindano hayo mawili mngeweza kuhesabu mara nyingi ambazo shirikisho lenye haraka lingesema kizazi hiki hakina kitu, tuanze upya.

Mtasema pia kwamba hamwezi kumsubiri kila mtu. Ni kweli, na sijaomba hivyo. Wapo watoto ambao magongo hayatakuwa kazi yao hata tungoje miaka kumi, na mkufunzi mwaminifu anapaswa kuwaambia. Ninachokataa ni kumtofautisha wa kungojwa na wa kuachwa kwa kutazama urefu na mbio. Mkulima wa Kitale aliyepanda H614, mahindi yanayochelewa kukomaa, hafyeki shamba kwa sababu Katumani ya jirani, mbegu inayokomaa mapema, imekwisha kuzaa. Anajua alichopanda, na anajua miezi yake. Sisi hatujui tulichopanda kwa sababu hatuandiki. Tazameni mambo yasiyotegemea mwili: mtoto anatazama wapi kabla ya kupokea? Akipokonywa mpira anafanya nini katika sekunde tatu zinazofuata? Ukimwelekeza jambo asubuhi, alasiri anajaribu kulifanya? Yuko wapi leo ukilinganisha na miezi sita iliyopita? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na kwa utaratibu wa sasa hakuna mteuzi anayeweza kulijibu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba yafuatayo.

Kwanza, mchujo wa vijana ufanywe mara mbili kwa mwaka, miezi kadhaa ikipita katikati, na angalau mmoja ufanyike kwenye uwanja wa nyasi karibu na watoto wanakoishi. Ukifanyika kwenye nyasi bandia, wapewe siku nzima ya kuzoea kabla hawajaandikwa alama.

Pili, kila mtoto anayekuja aandikwe kwenye daftari la kudumu: tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa, urefu, nafasi anayocheza, na sentensi mbili za mteuzi. Nakala ya sentensi hizo apewe mtoto na mkufunzi wake. Mwaka unaofuata mteuzi alifungue daftari hilo kabla ya kupuliza firimbi.

Tatu, kila timu ya vijana iwe na kikosi cha pili cha wanaokawia. Shirikisho la soka la Ubelgiji limefanya hivyo kwa miaka mingi: lina timu za vijana zilizotengwa kwa ajili ya waliochelewa kukomaa kimwili, ili wapate mechi za kimataifa badala ya kusahaulika hadi miili yao itakapowafikia wenzao. Kwetu yatosha kikosi hicho kipate mechi chache na vikosi vya kanda jirani. Wachezaji wawili au watatu wapandishwe kila msimu, ili watoto wajue kuna ngazi inayopandika.

Nne, magongo ya inchi 34 na 35 yanunuliwe kwa ajili ya wadogo, hata kama ni machache na ya kuzungushwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni dogo na linawezekana mwaka huu. Hatuwezi kulaumu mikono ya mtoto aliyepewa gongo la baba yake.

Tano, wanaokamatwa wakichezesha vijana waliozidi umri waadhibiwe wao, yaani mwalimu na shule, na nafasi zilizoachwa wazi zipewe watoto waliokuwa wamekatwa.

Sita, klabu za ligi kila moja iwe na nafasi chache za mazoezi kwa vijana wa miaka 18 hadi 21 kutoka kaunti, bila sharti kwamba wawe tayari kuanza mechi. Msimu mmoja wa kufanya mazoezi na watu wazima kwenye nyasi bandia ungewafaa wengi wao kuliko barua kumi za mapendekezo.

Kwa wakufunzi wenzangu na wazazi mnaosoma barua hii: kama mna mtoto aliyekatwa na mnaamini alikatwa mapema, msimwache aweke gongo chini. Anzeni wenyewe kuandika tarehe, urefu na maendeleo yake. Tutakapoitwa mezani tuwe na madaftari mkononi.

Waheshimiwa, naomba jibu la maandishi kuhusu kila moja ya maombi haya sita kabla ya mchujo ujao wa vijana. Ombi mtakalolikubali, lipangieni tarehe. Mtakalolikataa, toeni sababu. Niko tayari kuja mbele ya kamati yoyote, kwa nauli yangu, na kuja na daftari la wachezaji wangu wote, waliochaguliwa na walioachwa. Mteuzi yeyote anayetaka kumwona yule mvulana wa gongo refu anakaribishwa uwanjani kwetu Jumamosi yoyote kuanzia saa tatu asubuhi.

Wenu katika mchezo,

Mkufunzi wa kujitolea wa mpira wa magongo
Magharibi mwa Kenya